Kisauni: nyumba mpya zijengwe upande gani?

KisauniDamu:
Hamjambo wadau. Huku kwetu Kisauni, Mombasa, twaitwa kikao cha kutoa maoni kuhusu nyumba mpya, na kila mtu ana lake. Kuna wanaotaka bondeni chini ya Mishomoroni karibu na mikoko, ati pana uwazi na daraja la Nyali si mbali. Wengine wasema twende juu kabisa Mwakirunge, shamba rahisi. Mimi sina ploti popote, napanga tu, lakini sitaki tujengewe mahali halafu baadaye tuanze kulia na mafuriko. Nyinyi mwaangalia nini kwanza?

fundi_wa_Jomvu:
Maji. Angalia yanapita wapi kabla hujauliza bei. Pale bondeni uwazi umebaki kwa sababu masika ikikolea ndipo mvua inapoteremkia kwenda hori ya Tudor, sasa wewe mwaga kifusi uone kama hayataingia kwa jirani. Na mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, hata ukionyeshwa karatasi jua umeuziwa kesi.

Mimi kazi zangu nyingi ni Changamwe mpaka Jomvu, huku udongo wafura ukilowa na wapasuka ukikauka, msingi wala simiti na vyuma mpaka tajiri ashika kichwa. Huko kwenu chini ni tumbawe, nyumba yakaa vizuri tu. Taabu yenu nyie ni choo.

BintiBarsheba:
Hapo kwa choo fundi umesema. Kisauni hatuna laini ya maji taka, kila mtu na shimo lake ama septiki, na tumbawe lenyewe limejaa matundu, kwa hivo anachomwaga jirani huku juu yaweza kuwa ndicho unachochota kisimani kwako wewe wa chini. Sasa leta magorofa hapo hapo juu ya visima, choo za watu wote hao ziende wapi?? Halafu ukivuta visima sana karibu na bahari chumvi yaingia, waulize wenye visima vya Bamburi. Maji ya mfereji yatoka Baricho huko Sabaki, yaja kwa zamu, wanaofurahi ni wenye mikokoteni.

Mie nasema kama ni kurundika watu, warundikwe karibu na mtambo wa kusafisha maji taka wa Kipevu huko Changamwe, gharama ya msingi ya fundi hapo juu tutaivumilia. Ama zibomolewe nyumba za zamani za kaunti zipandishwe juu kama walivofanya mtaa wa Buxton kisiwani. Najua kelele za bei na za wapangaji wa zamani zilikuwa nyingi, na walikuwa na haki ya kupiga kelele, lakini hapo angalau barabara iko, stima iko, shule iko, na hakuna mkoko utakaokatwa.

mzee_wa_mnazini:
Vijana mwasahau ardhi ni ya nani. Pwani hii mtu ana nyumba na shamba si lake, babu alilipa kodi ya ardhi, baba akalipa, na mjukuu yuwalipa. Huko Mwakirunge mnakoita rahisi kuna watu wamekaa na mihogo yao na minazi. Mkianza kupima ploti bila kukaa nao chini mtajenga kwanza kesi. Na jaa la taka la mji liko huko huko, au mmesahau harufu?

Tena nauli. Kibarua wa bandarini akae Mwakirunge, apande matatu mbili, akwame foleni ya darajani, mshahara utabaki kiasi gani? Hiyo nyumba rahisi si rahisi.

KisauniDamu:
Shukran sana, hasa mzee wangu kwa hilo la nauli, hakuna aliyelitaja mtaani. Sasa nikisimama kikaoni niulize nini maana huwa wanatupa dakika mbili halafu soda.

BintiBarsheba:
Itisha ripoti ya mazingira iliyopelekwa NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na useme wakuonyeshe kwa kidole, maji taka yataishia wapi. Wakikwambia "septiki ya kisasa" uliza itanyonywa na lori la nani na litamwaga wapi. Usikubali kukaa mpaka ujibiwe.

fundi_wa_Jomvu:
Na uwaambie waje waione hiyo ploti mwezi wa tano. Zile picha zao nzuri hupigwa kiangazi.

mzee_wa_mnazini:
Soda nywa lakini karatasi ya mahudhurio isome kichwa chake kabla ya kutia sahihi, zisije zikageuzwa kuwa ndio mmekubali.