Mrejesho: mtoto wa dada yangu ametoka

Wapendwa, nyote mlionijibu usiku ule nilipoeleza kwamba mtoto wa dada yangu, miaka 15, amekamatwa kwa kuiba simu, Mungu awabariki sana.

Asubuhi nilipeleka cheti cha kuzaliwa kituoni kama mlivyosema. Kitabuni walikuwa wameandika miaka 19. Afande akakisoma cheti mara mbili, akaikata ile 19 kwa kalamu, akaandika 15 pembeni. Lakini mtoto alikuwa ameshalala seli moja na watu wazima, jambo ambalo Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinakataza. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilipiga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure, nikaelekezwa kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu kesi kama hii imalizwe bila kufika kortini. Kijana alikiri mwenyewe, akaomba msamaha, na simu tunailipa pole pole.

Shule ndiyo bado, hawajakubali kumrudisha. Jioni ananakili daftari za binamu yake.

Na wewe utakayesoma haya baadaye: peleka cheti usiku huo huo, usingoje kuche kama mimi.