Naomba ushauri: je, jina Samweli maana yake ni "aliyeombwa"?

Mkwe wa Machame

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni. Mimi na mke wangu tumekaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto, na mwezi uliopita tumejaliwa mtoto wa kiume. Miaka yote ya kungoja, mke wangu alikuwa akizisoma habari za Hana, mke wa Elkana, aliyeomba mtoto kule Shilo hata kuhani Eli akamdhania amelewa, nasi tukaahidiana kwamba akija wa kiume ataitwa Samweli, yaani "aliyeombwa kwa Mungu". Mama yangu amekwisha kutarizi kitambaa cha meza kwa ajili ya siku ya ubatizo: jina kwa uzi wa buluu, na chini yake kwa herufi ndogo, "Tulimwomba kwa Bwana". Juzi jamaa yetu aliyesomea theolojia alikiona kitambaa hicho, akatuambia kwa upole kwamba Samweli kwa Kiebrania halina maana hiyo, na kwamba "aliyeombwa" ni Sauli. Tangu siku hiyo mke wangu hana raha. Naomba mnieleze ukweli, na mnishauri kama tubadilishe jina, au maneno ya kitambaa, kabla hatujaomba cheti cha kuzaliwa.

Mwalimu Mstaafu

Hongera, mwanangu, na mpe hongera mama mtoto. Jamaa yenu amesema kweli, ila hakuimaliza.

Kwa Kiebrania jina hilo ni Shemuel. *Shem* ni jina, na *El* ni Mungu. Ugumu uko kwenye ile *u* ya katikati. Wapo wanaoisoma kuwa "yake", hivyo maana ikawa "jina lake ni Mungu". Wengine, nami nawaunga mkono, huiona kuwa mabaki ya kiambishi cha kale kinachounganisha maneno mawili, maana ikawa "jina la Mungu". Ukitaka ushahidi, fungua Mwanzo 32, pale Yakobo aliposhindana mweleka hadi alfajiri: mahali palepale panaitwa Penieli katika mstari wa 30 na Penueli katika mstari wa 31, na maana ni ileile, "uso wa Mungu".

Utasikia pia watu wakisema ni "Mungu amesikia". Maana hiyo ni ya Ishmaeli, ambalo lina herufi ya kooni, *ayin*, iliyomo katika kitenzi cha kusikia. Samweli halina herufi hiyo.

Sasa tuje kwa Hana. Kitenzi cha kuomba ni *sha'al*, na katika sura ile ya kwanza ya kitabu cha Kwanza cha Samweli mzizi wake umerudiwa mara saba, kuanzia mstari wa 17 hadi wa 28, ambapo mama huyo anapomkabidhi mtoto hutumia neno *sha'ul*, ambalo ndilo jina la Sauli herufi kwa herufi. Lakini andika Shemuel kwa Kiebrania: *shin, mem, vav, alef, lamed*. Ondoa *mem* na *vav*, zinabaki *shin, alef, lamed*, yaani zile herufi tatu za kuomba, kwa mpangilio wake. Hana alilisikia ombi lake ndani ya jina. Alitaja sababu ya kumpa mtoto jina hilo, na katika masimulizi ya Kiebrania sababu mara nyingi hufuata mlio wa jina kuliko asili yake.

Msomaji wa Usiku

Niongeze jambo moja kwa heshima. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba simulizi hili hapo mwanzo lilihusu kuzaliwa kwa Sauli, kisha likahamishiwa kwa Samweli. Mimi sishawishiki. Katika sura ya 8 watu wanamwendea Samweli "kuomba" mfalme, kwa kitenzi kilekile, na mfalme wanayempata ni Sauli. Naona mwandishi alikusudia tuwaweke kando kwa kando yule aliyeombwa na mama na yule aliyeombwa na taifa.

Mjukuu wa Pemba

Assalaam alaykum. Sisi Waislamu kisa hiki tunakijua kwa upande mwingine: katika Suratul Baqara aya ya 246 na 247, Bani Israili wanamwendea nabii wao wakitaka mfalme, naye anawaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewateulia Taluti, ambaye ndiye Sauli. Nabii hakutajwa jina, lakini wafasiri wengi humwita Shamwili.

Mizizi yote miwili tunayo vinywani mwetu kila siku. Pale ambapo Kiebrania husema *sh*, Kiarabu mara nyingi husema *s*, kama ilivyo shalom na salamu. *Sha'al* ndiyo *sa'ala* ya Kiarabu, tulikopata neno "swali", na *shem* ni *ism*, iliyomo ndani ya Bismillahi. Kila anayeuliza swali kwa Kiswahili anaugusa mzizi wa jina la Sauli.

Binti wa Upareni

Kaka, huko kwetu Kaskazini hii *El* tumeizoea. Nimesoma darasa moja na Elibariki, Elirehema na Elinami, majina ya familia za Kilutheri yaliyounganisha Mungu wa Kiebrania na maneno yetu wenyewe. Ushauri wangu ni wa karatasi zaidi: chagueni Samweli, Samueli au Samuel, kisha tahajia hiyohiyo iingie kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ubatizo. Kurekebisha herufi moja baadaye ni safari nyingi.

Mkwe wa Machame

Mungu awabariki nyote. Jana usiku nilimsomea mke wangu majibu haya huku akinyonyesha, na tulipofika kwenye zile herufi tatu aliniomba nirudie, kisha akataka nimwandikie kwenye karatasi. Jina linabaki Samweli, kwa *w*, na kitambaa hakiguswi, kwa kuwa maneno yaliyoandikwa chini ni ya Hana mwenyewe. Mama ameiona karatasi, akauliza herufi hizo huanzia upande gani. Nimemwambia kulia. Ameanza kuzitarizi kwenye pindo, kwa uzi uleule wa buluu.