Naomba ushauri: fonti gani inafaa kwa tovuti ya mashairi inayosomwa zaidi kwenye simu?

MalengaChipukizi
Habari zenu wadau. Natengeneza tovuti yangu binafsi ya kuweka mashairi ninayotunga na makala fupi za historia ya Pwani. Wasomaji ninaowalenga ni watu wazima, wengi wao walimu wastaafu na wazazi wetu, na karibu wote wana simu za Android za bei ya kawaida, tena kwa bando la kupima. Nataka maandishi wayasome bila kukunja uso, na fonti isiyowalia bando. Kwenye laptop nimezipenda Verdana na Georgia. Je, kwenye simu zao zitatokea vilevile? Na shairi la mizani 16 nilifanyeje? Kwenye simu mshororo unakatika ovyo, neno la mwisho linashuka peke yake na kina kinapotea.

FundiKodi
Mkuu, umeanza vizuri kwa kumfikiria msomaji. Fonti hizo mbili alizichora Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, zikatoka mwaka 1996, wakati skrini zilikuwa na nukta chache. Ndiyo maana herufi zake ni kubwa na wazi. Windows inazo, Mac inazo, iPhone inazo. Android haina. Ukitaja Verdana peke yake, simu itaitafuta, ikiikosa itaweka fonti yake yenyewe. Kwa hiyo kwenye CSS, yaani msimbo wa mwonekano wa tovuti, taja mlolongo, na mwisho uweke jina la kundi, serif (zenye vijimkia kwenye ncha za herufi) au sans-serif (zisizo navyo):

font-family: Georgia, "Noto Serif", serif;

Brauza inachukua ya kwanza inayoikuta. Kwenye simu nyingi za Android, serif inaleta Noto Serif na sans-serif inaleta Roboto. Hakuna kinachopakuliwa.

Kwa matini ya Kiswahili mimi nakushauri hizo zenye vijimkia. Andika "Ilala" kwa Arial uone: I kubwa na l ndogo zote ni kijiti kimoja. Roboto nayo hazitofautiani sana. Sasa hesabu sentensi zetu zinazoanza na Ili, Ilikuwa, Iliyobaki. Mzee mwenye miwani atasoma kwa kubahatisha. Verdana imelimaliza tatizo hilo kwa kuiwekea I kubwa vikono juu na chini, ila ndiyo hiyo, Android haipo.

MamaMchapaji
Nakubaliana na FundiKodi, isipokuwa kwenye miaka. Tarakimu za Georgia hazikai usawa: 0, 1 na 2 ni fupi, 6 na 8 zinapanda juu, zilizobaki zinaning'inia chini ya mstari. Ndani ya aya zinapendeza. Kwenye jedwali la matukio, mwaka juu ya mwaka, zinachosha macho. Jedwali lipe Arial, sans-serif, yatosha.

Halafu ndugu yangu, jina la fonti ni sehemu ndogo tu ya usomekaji. Brauza kwa kawaida huanzia pikseli 16. Usishuke hapo, na kwa watu wazima weka 18. Lakini iandike kwa rem, kipimo kinachofuata ukubwa aliouchagua msomaji kwenye brauza, yaani 1.125rem, ili aliyekwisha kukuza maandishi ya brauza yake asirudishwe nyuma na tovuti yako. Nafasi kati ya mistari iwe 1.5. Rangi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe iache kabisa. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikike na watu wote, inataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma uwe angalau 4.5 kwa 1, na mtu anayesoma juani kituo cha daladala anahitaji zaidi ya hapo. Na usinyooshe maandishi pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu. "Walivyowasimulia" kwenye skrini nyembamba inaacha mapengo mstari mzima.

MzeeWaVina
Mwanangu, hilo la shairi lina dawa. Usipunguze herufi ili mshororo uenee, utawaumiza wenzangu. Simu nyingi zina upana wa pikseli kama 360, na mizani 16 mara nyingi haitoshi humo hata ufanyeje. Basi wewe ndiye uamue unakatikia wapi. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, uweke ndani ya tagi yake ya span, na utao, nusu ya pili, ndani ya span yake, acha nafasi katikati, kisha zote uzipe display: inline-block. Kwenye kompyuta mshororo utakaa mzima. Kwenye simu utao utashuka wote pamoja, kina cha kati kitabaki mwisho wa mstari wa juu na kina cha mwisho chini yake. Msomaji atasikia mapigo yaleyale. Kati ya beti acha nafasi kubwa kuliko kati ya mishororo, la sivyo hatajua ubeti umeishia wapi.

MbongoUjerumani
Ukija kutaka fonti ya kupakua, usiivute moja kwa moja kutoka seva za Google Fonts. Huku, Januari 2022, mahakama ya Munich ilimwamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake euro 100 kwa sababu anwani yake ya IP ilipelekwa Google bila ridhaa. Weka faili la fonti la aina ya WOFF2, iliyobanwa kwa ajili ya wavuti, kwenye seva yako mwenyewe, ubakize herufi za Kilatini tu ili liwe jepesi, na uandike font-display: swap ili matini ionekane fonti ikiwa bado njiani.

MalengaChipukizi
Shukrani sana, na Mzee shikamoo. Nimejaribu hiyo inline-block, utao unashuka pamoja kama ulivyosema. La mwisho: nina tenzi chache nataka kuziweka pia kwa hati ya Kiarabu. Georgia itaziweza?

FundiKodi
Georgia haina herufi za Kiarabu. Sehemu hiyo ipe "Noto Naskh Arabic" kwanza, kisha serif. Ukitaka sura ya kitabu cha zamani, ipo Amiri ya Khaled Hosny, ni bure, ila hiyo msomaji ataipakua. Weka dir="rtl" ili maandishi yaanzie kulia, ongeza nafasi ya mistari hadi 1.8, na kabla hujachapisha zijaribu herufi za p, ch, g na v kwenye simu halisi, maana fonti nyingine za Kiarabu hazina zote.