Yangeyange wangu wote wanatoka kama karatasi nyeupe, nifanyeje?

Bawa_Jeupe: Wakuu habari za humu. Nimekwama kabisa, wiki ya tatu hii napiga picha yangeyange na kila nikifika nyumbani nikifungua naona doa jeupe lenye mdomo na miguu, manyoya hakuna, nikipunguza mwanga kwenye kompyuta doa linageuka kijivu tu basi. Naona nibadilishe kamera. Ipi inafaa kwa ndege weupe?

Mzee_wa_Lenzi: Kamera iache kwanza. Setingi zako zikoje, na nyuma ya ndege kuna nini?

Bawa_Jeupe: Mwanga upo wa kutosha mkuu. Nisaidieni kwenye kamera.

Topeni: Umenikumbusha ndege mwari mmoja, nililala kwenye tope saa mbili nzima namsubiri, anaruka tu betri ikakata. Siku hizi natembea na betri mbili. Ila kulala chini kulinisaidia, ukiwa usawa wa jicho lake nyuma inakuwa mbali na inafifia yenyewe.

Mama_Viota: Na msiwasogelee mpaka wakaacha makinda kisa picha. Inaniuma sana hii.

Mzee_wa_Lenzi: Mleta uzi hujanijibu. Saa ngapi, nyuma kuna nini, na ile + na − ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha umeiweka wapi?

Bawa_Jeupe: Haya. Saa sita mchana, nyuma kuna miti yenye kivuli kizito, na nimeweka +1. Rafiki aliniambia kitu cheupe unaongeza, hata wanaopiga theluji wanaongeza. Napiga JPEG, faili ndogo zilizobanwa, maana RAW, zile faili ghafi, zinajaza kadi. Lakini sidhani kama ndiyo shida, kamera yenyewe ya zamani.

Mzee_wa_Lenzi: Shida ndiyo hiyo hiyo. Mita, kipima mwanga cha kamera, haimjui ndege, inasoma fremu na kutaka yote ikae kijivu cha kati. Theluji imejaa fremu nzima kwa hiyo kamera inaitia giza, ndiyo maana wanaongeza. Wako ni kipande kidogo cheupe kwenye giza, kamera inainua giza, ndege anaungua, yaani anakuwa mweupe mpaka manyoya yanapotea, halafu na wewe unamwongezea moto. Anza na −1, washa onyo la kumetameta linaloonyesha sehemu zilizoungua, na histogramu, ile grafu ya mwanga, isigote ukuta wa kulia. Akitoka mitini akapita angani mita itakuyumbisha tena, kwa hiyo weka manyuali, yaani upange mwenyewe: kwa jua kali, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 400, tundu la lenzi f/8, shata 1/3200 ya sekunde, halafu urekebishe. Mwanga unaomwangukia ni ule ule, kilichobadilika ni nyuma yake. Na piga RAW, manyoya yaliyokaribia kuungua yanaweza kurudi.

Mpekuzi: Samahani, mimi naona hii stori ya kutunga. Wiki tatu mtu haangalii hata skrini ya kamera? Na picha hata moja hajaweka. Nyuzi za hivi mwishowe mtu anakuja na kamera ya kuuza.

Kasuku77: Weka picha tuamini.

Bawa_Jeupe: Sijatunga ndugu zangu. Skrini juani sioni kitu, na nyingi nilifuta kwa hasira. Zimebaki mbili, hizi hapa.

Mpekuzi: Nimeziona. Naondoa neno langu, pole.

Mzee_wa_Lenzi: Ya pili, upande wa bawa wenye kivuli manyoya yapo! Kamera nzima hiyo. Ila mdomo umegusa ukingo, anatazama nje ya picha. Mwachie nafasi kule anakotazama, na fokasi iwe kwenye jicho.

Bawa_Jeupe: Asante mkuu. Kesho naenda jua likichomoza, −1 na RAW. Kamera nyingine bado naitafuta lakini.

Topeni: Beba betri mbili.