Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuacha kazi abebe vyuma

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu ana miaka 23, ni fundi wa kuchomelea pale Kariobangi, na kila jioni yuko jimu. Sasa anataka kuacha kazi awe mtunisha misuli wa kulipwa. Mwili anao, hilo sikatai. Lakini hata Ronnie Coleman, mtunisha misuli wa Marekani aliyetwaa Mr. Olympia, shindano kubwa kabisa la kutunisha misuli duniani, mara 8 mfululizo, 1998 hadi 2005, alianza kushinda akiwa bado polisi Arlington, Texas. Na baada ya kupasuliwa mgongo mara kadhaa, kutembea kwake kumekuwa kwa shida. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Mliowahi kushindana hapa Nairobi, zawadi zinatosha kodi na chakula? Nimwambieje bila kumvunja moyo?