Naomba ushauri: nyama ya ng'ombe ya soya sosi na sukari inatoa maji halafu inakuwa ngumu

Habari zenu wapendwa, naomba mnisaidie. Nafika home saa moja jioni watoto washaanza kuzunguka jikoni, kwa hiyo nataka msosi wa nusu saa tu, wali na nyama ya ng'ombe yenye utamu na chumvi kwa pamoja, ile ya soya sosi, sukari, tangawizi na kitunguu swaumu.

Wali hauna neno, shida ni nyama. Nanunua steki nusu kilo, nakata vipande vyembamba, natia soya vijiko vitatu na sukari viwili, nikiimwaga kwenye kikaango inatoa maji inaanza kuchemka badala ya kukaangika, maji yakikauka sukari inashika chini inakuwa nyeusi chungu na nyama unatafuna mpaka taya linauma. Juzi mdogo wa mwisho kaitoa mdomoni kaiweka pembeni ya sahani kimyaaa, akala wali mtupu.

Nimejaribu kupaka papai bichi nikailaza kwenye friji, asubuhi imelegea kama uji. Kukaanga kidogo kidogo kunasaidia kiasi ila jiko langu ni lile la kukaa juu ya mtungi wa kilo 6, moto wenyewe mnaujua.

Sasa, papai bichi niliache dakika ngapi kwa vipande vyembamba? Na soya na sukari nitie mwanzo au nyama ikishashika rangi? Msiniambie nyama ya kusaga jamani, tumeichoka. Asanteni.