Mieleka ya matope Mukono: promota aliyetoka ulingoni anawalinda vijana au anawatumia?

Mwana_Mukono:
Wandugu, naleta hoja. Vijana wa Soft Ground Wrestling hapa kwetu Uganda wanapigana mieleka kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa miti, na video zao zimefika mbali kuliko timu nyingi za mpira za nchi hii. Sasa wapo wanaotaka Baraza la Taifa la Michezo liwasajili, liwadai leseni, daktari na bima. Mimi napinga. Serikali ikishaingia, wanaofaidi ni wenye mafaili.

Shahidi wangu ni mwanamieleka Antonio Inoki wa Japani. Alizaliwa Yokohama 1943, akahamia Brazil na familia yake akiwa na miaka 14, akatoa jasho kwenye mashamba ya kahawa mpaka Rikidozan, baba wa mieleka ya Wajapani, alipomwona na kumrudisha nyumbani. Alianza kupigana 1960. Mwaka 1966 alijaribu kampuni mpya, ikafa baada ya miezi michache. Akarudi kwa waajiri wa zamani, nao 1971 wakamfukuza wakidai anapanga kuwapindua. Mwaka uliofuata akafungua New Japan Pro-Wrestling, na hadi leo ipo. Hakuna baraza lililomshika mkono. Promota aliyewahi kubwagwa mwenyewe anajua panapouma.

Nesi_Jinja:
Kaka, umesimulia nusu unayoipenda. Huyohuyo Inoki, alipokuwa bosi, alitia fedha kwenye mradi wake wa Brazil wa kutumia mabaki ya miwa. Mradi ukazama, na 1983 wanamieleka wake wakamgeuka mpaka akaachia kiti cha urais wa kampuni kwa muda. Kwa hiyo kubwagwa hakumfundishi mtu kushika fedha za wenzake.

Nami nimewahi kumpokea kijana aliyevunjika mtulinga kwenye mashindano ya kijijini. Si ya kundi hilo la Mukono, nisieleweke vibaya. Aliletwa na boda, aliyemleta akalipa nauli akaondoka. Mama yake alikuja usiku na kuku wa kuuza. Nani alipaswa kulipa? Nijibu hilo tu.

Fundi_Kisenyi:
Mtulinga unavunjikaje kwenye maigizo? Mieleka ya aina hiyo mshindi anajulikana kabla ya kengele. Wasajiliwe kwenye ukumbi wa tamthilia. Na huyo Inoki si ndiye alikuwa aje Kampala kupigana na Idi Amin? Hapo ndipo ungeona maigizo mawili kwa kiingilio kimoja: mmoja wa kupanga matokeo, mwingine bondia wa kuogopwa na askari wake tu.

Mwana_Mukono:
Fundi, nenda katazame pambano la Inoki na Muhammad Ali, Tokyo, tarehe 26 Juni 1976. Raundi 15, Inoki amelala chali karibu muda wote, anampiga Ali mateke ya miguu. Watazamaji walikasirika, wakaona wameibiwa, matokeo yakawa sare. Lakini miguu ya Ali ilivimba hadi akaingia hospitali na damu iliyoganda. Mtu aliyeandikiwa tamthilia hawezi kuandikiwa mbovu namna ile. Lilikuwa baya kwa sababu lilikuwa la kweli.

Kijana_Arua:
Fundi, kuhusu Amin chunga mdomo. Alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, uzito wa juu mwepesi, tangu 1951 hadi 1960. Wakati huo alikuwa askari wa Mwingereza, luteni hata hajawa. Cheo hicho alikipata 1961. Sasa niambie, waliopigana naye walimwogopea nini, bendeji? Urais mseme mnavyotaka, ulingo aliupata kwa mikono yake.

Dereva_Malaba:
Mimi nilisikia ni Ali ndiye alikuwa apigane na Amin, tena Entebbe.

Kijana_Arua:
Hapana ssebo. Ali alitajwa kuwa refa. Mpinzani alikuwa Inoki, Juni 1979, Kampala. Promota wa Kijapani ndiye aliyesuka mpango na ukatangazwa Japani mwanzoni mwa mwaka ule. Na nasema wazi: kwa ngumi, Amin angemlaza.

Fundi_Kisenyi:
Kwa ngumi zipi? Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye tumbo lile! Inoki alikuwa na 36. Kabali moja na hadithi imekwisha. Kwenu huko kila kitu cha Amin ni chuma.

Kijana_Arua:
"Kwenu huko" ina maana gani? Andika vizuri nikuelewe. Sisi wa West Nile, alikotoka Amin, tumechoka kubebeshwa mtu mmoja kila tunapofungua kinywa. Nimetaja mkanda wa ngumi, wewe umetaja kabila langu.

Fundi_Kisenyi:
Sijataja kabila. Nimesema huko.

Nesi_Jinja:
Huko ni wapi, Fundi? Mwombe msamaha turudi kwenye hoja.

Mzee_Masaka:
Wanangu, nawasoma tangu asubuhi na mkono unatetemeka. Mnabishana kabali na ngumi. Mwaka huo 1979 mimi nilikuwa kijana wa Masaka. Februari Watanzania waliingia na mji wetu ukabomolewa kwa mizinga, kulipiza Kagera. Nyumba ya baba yangu ilibaki mlango na hatua tatu za ngazi. Tulilala shambani, tunatafuta chumvi, chumvi tu. Aprili 11 Kampala ikatwaliwa, Amin akakimbia. Kumbe Tokyo kulikuwa na watu wanaopanga viti vya kututazama Juni! Sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima, na siku niliyosoma nilikaa kimya muda mrefu. Promota anayeweza kutazama nchi yenye watu wanaotoweka usiku akaona mauzo ya tiketi, huyo msimwite jasiri mbele yangu.

Na Kijana wa Arua, mwanangu, wewe hukubomoa nyumba yetu. Kaa kwa amani.

Kijana_Arua:
Shikamoo mzee. Pole sana. Nimekusikia.

Dereva_Malaba:
Mzee, pole. Mimi niongeze moja tu la mwaka huo, maana haisemwi vya kutosha. Oktoba 1979 Ayub Kalule alikwenda Akita, Japani kwenyewe, akamshinda Masashi Kudo na kuchukua mkanda wa dunia wa WBA. Mganda na Mjapani walikutana ulingoni mwaka uleule, bila rais wala maonyesho. Marehemu baba alikuwa akisimulia habari hiyo huku amesimama.

Mwana_Mukono:
Hiyo ya Kalule imenipa raha. Mzee, nakubali Inoki nilimpaka sukari nyingi. Lakini mtu yuleyule alikwenda Iraq 1990 akiwa mbunge na kurudi na Wajapani waliokuwa wameshikiliwa na Saddam. Binadamu hana upande mmoja.

Nesi, sijakukimbia. Daktari awepo kando ya ulingo, hilo nalikubali leo. Usajili bado nakataa.

Nesi_Jinja:
Na daktari alipwe na nani? Video zinaingiza fedha. Aliyebwagwa kwenye video anapata shilingi ngapi? Usiposajili, hesabu hiyo utaidai ofisi gani?

Mwana_Mukono:
Nipe mpaka kesho. Nitawauliza vijana wenyewe wanalipwaje, sitaki kujibu kwa kubahatisha.

Fundi_Kisenyi:
Kijana wa Arua, lile neno "huko" nimelifuta moyoni. Nisamehe. Lakini Inoki angeshinda.

Kijana_Arua:
Nimekusamehe. Kwa ngumi asingeshinda.